Kosa la Adamu na Shela ya Dada Eliwaza

Juzi nilikuwa kibarazani kwa jirani yangu nikisubiri chai, mara ikanijia harufu ya wanga wa muhogo unaoungua kidogo chini ya pasi. Siku hizi nani tena anatia nguo wanga? Lakini jirani huyu ana mambo ya kizamani kama mimi, kumbe alikuwa anapiga pasi kitambaa cha meza. Chai ilipoletwa sikuinywa. Nilisingizia tumbo, nikaaga, nikaenda zangu nyumbani kulia, bibi mzima na mvi zangu. Msinicheke. Hilo nililolilia nimelibeba tangu nina miaka kumi na miwili, na ukimwacha dada yangu, nyie ndio watu wa kwanza kuwasimulia lote.

Tulikuwa tunakaa Temeke. Mwingereza alikuwa bado yupo, na Temeke yenyewe ilikuwa mikorosho zaidi kuliko nyumba. Baba alikuwa seremala, ametuleta kutoka Upareni na masanduku mawili na msumeno wake uliofungwa kwenye gunia. Tulipanga vyumba vya uani kwa Bi Tatu, mjane wa Kizaramo, Mwislamu mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, ambaye alitupenda sana na kutusema sana. Kanisa letu lilikuwa banda la udongo lililoezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa, mvua ikinyesha hakuna anayesikia mahubiri. Mchungaji alikuja kutoka mjini mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote tulikuwa mikononi mwa Mwinjilisti Zefania.

Mabenchi yote ya kanisa alitengeneza Baba kwa kujitolea. Yalikuwa na maegemeo mazuri ya kulaza mgongo, isipokuwa moja, la nyuma kabisa karibu na mlango. Hilo wazee wa kanisa walimwambia asiliwekee egemeo. Lilikuwa la waliotengwa: mlevi, mwenye wake wawili, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa. Mtu alikaa pale bila kushiriki meza ya Bwana mpaka siku atakapopiga magoti mbele ya watu wote na kuungama, ndipo arudishwe kundini. Baba alilitengeneza kwa mbao za makasha zilizobakia, wala hakulipiga randa vizuri. Mimi na wenzangu tulikuwa tunaliogopa kama kaburi.

Sasa Dada Eliwaza. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mcheshi, ana mwanya uliomfanya kila anachosema kionekane utani. Yeye ndiye aliyekuwa akifua na kupiga pasi vitambaa vya madhabahu na kanzu nyeupe ya Mwinjilisti. Kila Jumamosi alichemsha wanga, akapuliza makaa ya pasi, akaimba. Kanzu ile aliinyoosha mpaka ikasimama yenyewe. Mwinjilisti alikuwa akipita kuichukua anasema, "Eliwaza, wewe unanifanya nionekane mtakatifu," na Dada anacheka, na sisi wote tunacheka. Nilimpenda Mwinjilisti. Alikuwa mtu mzima pekee niliyemjua ambaye mtoto akimuuliza swali anainama kumsikiliza.

Dada alikuwa amechumbiwa na Filemoni, karani wa bohari na mwimbaji wa sauti ya nne, kijana nadhifu mwenye saa ya mkononi aliyoitazama hata pasipo haja. Posa ilikuwa imepita, shela imeletwa, imo sandukuni kwa Mama imefunikwa kwa karatasi. Na shela, ndugu zangu, kwetu haikuwa pambo tu. Binti aliyejitunza alifunga ndoa Jumamosi, na shela na taji la maua, na kile kipande cha reli kilichoning'inia nje ya kanisa kikigongwa mpaka watoto wa Kiislamu wa mtaa mzima wakaja kucheza. Aliyeanguka alifungishwa ndoa siku ya kazi asubuhi, kitambaa tu kichwani, reli kimya. Mtaa mzima ulijua ndoa ipi ni ipi kwa kusikiliza tu.

Ndoa ilitakiwa kutangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo. Jumapili ya kwanza Mwinjilisti aliyasoma majina yao, watu wakageuka kumtazama Dada, naye akainamisha uso kwa haya na furaha. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nampulizia makaa. Alitumbukiza kidole kwenye wanga, harufu ikapanda, ghafla akaiacha pasi juu ya kitambaa cha madhabahu akakimbilia nyuma ya nyumba. Nikamsikia anatapika. Nikaiinua pasi haraka kabla haijachoma. Aliporudi alikuwa anatabasamu, akasema ni dagaa wa jana. Lakini mie pia nilikula dagaa wa jana. Halafu nikamwona anabandua udongo wa ukutani anautafuna. Bi Tatu alikuwa anapembua mchele uani, akamtazama, akanitazama, akasema taratibu kwa mtu mwenye sauti kama yake, "Haya. Nyumba hii itapata mgeni."

Nilijua. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekulia vyumba vya uani anajua. Na kilichonitisha si aibu, bali kifo. Wanawake wa maombi waliokutana kwetu na Mama walikuwa na hadithi yao: kwamba binti akivaa shela kwa uongo, siku reli inapogongwa shela humgeukia sanda. Walitaja hata mji alikokuwa binti mmoja aliyeanguka chini na kufa mlangoni mwa kanisa. Leo najua ilikuwa hadithi ya kutishia mabinti. Siku hiyo niliiamini kama ninavyoamini kuwa moto unaunguza. Wiki mbili zilikuwa zimebaki, dada yangu angekwenda kuvaa sanda mwenyewe huku anacheka na mwanya wake. Nilishindwa kula. Mama alinipa mwarobaini akidhani ni homa.

Katikati ya wiki tulikuwa na darasa la kipaimara, watoto tisa tumebanana kwenye mabenchi ya Baba. Mwinjilisti alifika kwenye habari za Adamu na Hawa. Sisi tulitegemea kuchapwa maneno kama kawaida, dhambi, nyoka, kufukuzwa. Yeye akafunga kitabu, akakaa ukingoni mwa meza, akatuambia kitu ambacho sijapata kukisahau. Alisema, "Watu wanamlaumu Adamu bure. Hebu fikirini. Adamu asingeanguka, Mwana wa Mungu angeshuka kufuata nini? Tungekuwa bustanini mpaka leo tunakula matunda, hatumjui Mwokozi. Mungu hakushtukizwa. Aliliona kosa tangu mwanzo, akaliweka ndani ya mpango wake mwema. Kwa hiyo kosa la Adamu, wanangu, lilituletea heri kubwa kuliko ile aliyoipoteza."

Mwenzetu mmoja, Mesheki, mbishi tangu kuzaliwa, akauliza, "Sasa kama lilikuwa jema mbona alimfukuza?" Mwinjilisti akacheka, akamwambia, "Mesheki, wewe utakuwa wakili." Swali likapita hivyo hivyo bila jibu. Mie sikulijali. Moyo wangu ulikuwa umeruka. Nilihisi kama mtu aliyekuwa anazama akakanyaga mchanga. Kumbe mtu akianguka, Mungu anaweza kuwa alishaona, amekwisha kupanga! Kumbe Dada si lazima afe!

Wenzangu walipotoka nilibaki najifanya natafuta kalamu. Nikamuuliza, "Mwalimu, na mtu akianguka sasa hivi, hapa hapa Temeke, Mungu anaweza kuligeuza kosa lake likawa heri?"

"Hapa Temeke hasa," akasema, na macho yake yakacheka.

"Hata akivaa shela?"

Macho yakaacha kucheka. Hakunikaripia, la. Ingekuwa nafuu. Alichuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wangu, kanzu ikiburuza vumbini, akasema kwa upole, "Nakundwa mwanangu, mimi ni kama baba yako. Una mzigo. Utue. Utakaloniambia litabaki kati yako na mimi na Mungu. Tutamwombea tu huyo mtu, basi." Nikamwaga yote: kutapika, udongo wa ukutani, maneno ya Bi Tatu, sanda. Nililia mpaka kamasi zikaingia mdomoni, naye akanifuta kwa leso yake. Akaniwekea mkono kichwani, akaomba, sala fupi nzuri. Nilirudi nyumbani narukaruka. Usiku ule nilikula ugali wangu na wa mdogo wangu.

Jumapili ya tatu ya tangazo, ndiyo ya mwisho, tulikaa mahali petu, benchi la tatu upande wa wanawake, Mama, Dada, mimi. Mwinjilisti alikuwa amevaa kanzu aliyoinyoosha Dada jana yake kwa mikono yake, huku Dada mwenyewe amejifunga kitambaa puani kuzuia harufu ya wanga. Akafungua daftari la matangazo. Nilikuwa natabasamu, jamani. Nilikuwa nangoja kusikia jina la dada yangu lisomwe vizuri kwa sababu mimi nilikuwa nimeyaweka mambo sawa na Mungu.

Akasema, "Tangazo la ndoa ya Filemoni na Eliwaza limeondolewa. Dada yetu Eliwaza ameonekana ana mimba. Kuanzia leo ametengwa na meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Filemoni ataitwa na wazee."

Hakuwa amemwambia Baba. Hakuwa amemwambia Mama. Kanisa zima lilifanya sauti moja, ile ya watu wengi kuvuta pumzi pamoja, na vichwa vikageuka. Dada alikaa kidogo. Halafu akachukua kitabu chake cha nyimbo, akasimama mwenyewe, akatembea kati ya mabenchi mpaka nyuma, na viatu vyake vipya vya harusi alivyokuwa anavizoesha vikalia kwe, kwe, kwe, safari ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia. Akakaa kwenye lile benchi la mbao za makasha. Upande wa wanaume Baba alikuwa ameziba uso kwa mikono yake yote miwili. Mie niliangalia vidole vyangu vya miguu, sikugeuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Na unajua alihubiri nini baada ya hapo? Adamu! Alituhubiria sisi watu wazima na watoto maneno yale yale ya darasani, kwamba kosa la Adamu lilikuwa ndani ya mpango mwema wa Mungu, na wazee wakatikisa vichwa wakisema amina. Nilimtazama mdomoni. Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yangu. Alinidanganya. Alinifuta kamasi kwa leso, akaniombea, akanidanganya, kisha akasimama juu ya neno lililonipa uhai akaliimba kama vile halikumhusu mtu yeyote aliyekaa humo ndani.

Filemoni aliitwa mbele ya wazee. Baba alikuwemo, na alikuja kumwambia Mama, nami nikiwa nyuma ya pazia. Filemoni alisimama na saa yake, akasema, "Yeye ndiye aliyenikaribisha. Wazazi wake walikuwa wamekwenda msibani." Basi. Mwanaume mzima, msomi, hakutafuta hata utetezi mpya; alichukua ule ule wa Adamu, huyu mwanamke uliyenipa. Na akakubaliwa. Walimtenga miezi mitatu, akapiga magoti, akarudi kwaya. Akaomba uhamisho kwenda Tanga, huko akaoa mtu mwingine, na tuliambiwa kengele iligongwa, ya kweli, ya shaba.

Bi Tatu alipandwa na hasira mpaka kanga ikamdondoka. "Nyie Wakristo mna mambo, wallahi!" alimwambia Mama. "Adamu alikosa, akaomba toba, Mola akamsamehe, yakaisha. Nyie bado mnamburuza mpaka kwenye nyumba yangu!" Halafu akaingia chumba tulicholala mimi na Dada na bakuli la uji wa pilipili manga, akakaa naye mpaka jioni. Sisi wa nyumbani hatukuingia mchana ule. Mama alikuwa anaona aibu, Baba alikuwa hasemi na mtu, na mie, mie nilikuwa naogopa kwamba akiniangalia tu atajua.

Kazi ya kupiga pasi kanzu ya Mwinjilisti ikahamia kwangu, maana aliyetengwa haruhusiwi kushika vitu vya madhabahu. Niwaambieni ukweli, Jumamosi ya kwanza niliichoma. Kwa makusudi. Niliiweka pasi nyuma, pale pale pa kukalia, nikahesabu mpaka kumi. Mwinjilisti aliivaa miezi mingi akiwa na alama ya pasi ya kahawia matakoni, kila akigeukia madhabahu tunaiona, na hakuna mzee hata mmoja aliyethubutu kumwambia. Mesheki alikuwa anauma kitabu cha nyimbo asicheke. Hicho ndicho kisasi changu chote, na hakikunipunguzia kitu.

Mtoto alizaliwa wa kike. Wanawake wa maombi walitaka aitwe Neema. Dada akakataa, akampa jina la bibi yetu, Nakijwa. Alipoambiwa kwamba sasa anaweza kupiga magoti na kurudi kundini alijibu kwamba ameshazoea hewa ya mlangoni. Akaendelea kukaa benchi la nyuma, Jumapili baada ya Jumapili, mwaka baada ya mwaka, mtoto akijifunza kusimama kwa kushika magoti yake. Baba alichukua randa akaenda siku moja akalilainisha benchi lile. Wazee walipomuuliza alisema lilikuwa linachana nguo. Dada hakuolewa. Alifungua kazi ya udobi, akamsomesha mwanawe.

Na Nakijwa, loo, Nakijwa! Alikuwa nuru ya nyumba. Alikuja kuwa muuguzi. Yeye ndiye aliyemwogesha Baba alipopooza, akamlisha kwa kijiko miaka minne, wakati mie niliye na cheti cha kipaimara ukutani nilikuwa kwa mume wangu Morogoro. Kila mtu alisema, tazama Mungu alivyopanga. Siku ya harusi yake, maana aliolewa na shela na makelele yote, Mwinjilisti Zefania alikuwapo, mzee sana, anaongozwa kwa fimbo. Alinishika mkono, akaniinamia vile vile kama zamani, akaninong'oneza, "Nakundwa, unakumbuka habari ya Adamu? Usingesema siku ile, tusingekuwa na huyu."

Tusingekuwa na huyu? Mtoto alikuwa tumboni tayari! Angezaliwa vile vile, siku ile ile, ila angezaliwa ana baba, na mama yake angekuwa na mume na kiti chenye egemeo. Mungu alitupa Nakijwa. Wewe Mzee ulichotupa ni tangazo. Maneno hayo yalinijaa mdomoni, yakaganda. Nilimwambia, "Shikamoo," nikaondoka. Nilichoelewa siku hiyo ni kwamba mtu yule hakuwahi kulala macho hata siku moja kwa kunisaliti. Alikuwa amelichukua jambo jema alilolifanya Mungu, akalitandika juu ya jambo baya alilolifanya yeye, akalala.

Sijui kama Mungu alilihitaji kosa la Adamu. Wenye elimu wabishane. Ninachojua ni kwamba kila niliyemsikia akiliita la heri alikuwa amekaa benchi la mbele.

Ilinichukua miaka mingine kumwambia Dada. Tulikuwa vikongwe wote, tumekaa uani kwake tunamenya mihogo, Bi Tatu ameshazikwa, wazazi wameshazikwa. Nikaanza tu, bila utangulizi, "Dada, ni mie niliyemwambia Mwinjilisti."

Hakuacha kumenya. "Najua," akasema. "Kanisa zima liligeuka kunitazama siku ile. Wewe peke yako hukugeuka."

Nikalia. Nikamweleza sanda, nikamweleza Adamu, nikamweleza leso. Nikamwambia nilitaka asife. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo kwa ule mwanya, kicheko kisichokuwa na furaha wala ukali. Nikasubiri aniambie kwamba yote yalikuwa mipango ya Mungu. Nilitaka aniambie hivyo, nisiwafiche. Ningempa chochote aniambie hivyo.

"Nakundwa," akasema, "mlisoma ile habari mkaruka mahali. Mungu alijua walichokula. Alijua kila kitu. Lakini alitoka mwenyewe jioni akaingia bustanini akamuuliza mtu, uko wapi? Kwanza aliuliza." Akatupa maganda kwenye ungo, akachukua muhogo mwingine. "Tulilala kitanda kimoja mimi na wewe. Ulikwenda mpaka kanisani. Mbona mimi hukuniuliza?"